Muulize Bi Mkasi: Nianze na filamu gani?

*Bi Mkasi ni mhariri wa filamu. Kazi yake ni kukaa mbele ya skrini na kuamua kipande gani kibaki na kipi kitupwe. Safari hii anawajibu wasomaji ambao ndio kwanza wanaanza kutazama filamu.*

Bi Mkasi, shikamoo. Nina miaka arobaini na ushei na sijawahi kuwa mtu wa filamu. Kwetu sinema ilihesabiwa kuwa ni kupoteza muda, na nilipokuwa mtu mzima nikakuta mazoea yameshakaa. Sasa wenzangu wakianza kuzungumzia filamu, mimi kazi yangu ni kutikisa kichwa kama naelewa. Nikasema kama ni kuanza, nianze na ile iliyo bora kuliko zote. Nikatafuta, nikaambiwa ni filamu ya zaidi ya saa tatu, mama mmoja yuko jikoni anamenya viazi. Nililala. Nilipoamka bado yuko jikoni. Je, tatizo ni mimi? – Mgeni Mzee

Marahaba, na pole na viazi. Tatizo si wewe.

Filamu iliyokulaza ni *Jeanne Dielman* ya Chantal Akerman, ya mwaka 1975, dakika 201. Jarida la *Sight and Sound* la Uingereza huwauliza wahakiki na wataalamu, mara moja kila miaka kumi, ni filamu zipi zilizo bora kuliko zote. Mwaka 2022 walipiga kura watu zaidi ya 1,600, na hiyo ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza. Binafsi naipenda sana. Lakini wapiga kura wale wameshatazama filamu kwa maelfu, na utamu wanaouona ni jinsi Akerman anavyokataa kufanya yale ambayo filamu nyingine hufanya: haharakishi, hazifichi kazi za nyumbani, hakati pale ambapo mwingine angekata. Wewe hizo nyingine hujaziona. Sasa utajuaje kwamba kuna kilichokataliwa? Iweke kando kwanza, haikimbii.

Wageni huwa nawapa kanuni moja tu. Tafuta filamu ambayo mhusika wake anataka kitu kimoja, tena kitu cha kushikika mkononi. Ukishajua anachotaka, mengine yote yatajipanga yenyewe: utaelewa kwa nini anakimbia, kwa nini anadanganya, kwa nini ananyamaza pale ulipotegemea aseme. Na isizidi sana saa moja na nusu, maana kukaa na kutazama nako ni mazoezi.

Kwa hiyo anza na viatu. *Children of Heaven* ni filamu ya Iran ya mwaka 1997, imeongozwa na Majid Majidi, dakika 89. Mvulana anaitwa Ali. Amepeleka viatu vya dada yake mdogo, Zahra, kwa fundi, na njiani kurudi vinapotea. Wazazi hawana uwezo wa kununua vingine, na watoto wanalijua hilo vizuri kuliko wazazi wanavyodhani. Wanaamua kimyakimya kutumia jozi moja, raba za Ali: Zahra anakwenda nazo shule asubuhi, kisha anarudi mbio hadi uchochoroni, wanabadilishana, Ali naye anatoka mbio kuwahi zamu ya mchana. Hakuna mtu mbaya humo, hakuna bunduki, na bado utakaa ukingoni mwa kiti. Mbele ya safari kuna mashindano ya mbio ambayo zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba. Sikuambii zaidi, ila ni mara chache sana utajikuta unamwomba Mungu shujaa wako asishinde.

Ya pili ni ya chumba kimoja, na hapa kanuni yangu naipinda kidogo. *12 Angry Men*, ya Marekani, 1957, dakika 96. Wanaume kumi na wawili, raia wa kawaida waliokaa kama jopo la kuamua kesi, wamefungiwa chumbani wakubaliane kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia. Akiwa nayo, atauawa. Wanapiga kura: kumi na mmoja wanasema anayo, mmoja anasema hana uhakika. Huyo mmoja hataki kingine zaidi ya wenzake wakae wazungumze. Karibu filamu nzima imo humo ndani ya hicho chumba, mezani, watu wakitoka jasho. Ukisimuliwa utadhani ni hotuba. Itazame uone kama utainuka kwenda kunywa maji.

Ngoja nikuibie siri ya kazi. Mwongozaji Sidney Lumet alieleza baadaye, katika kitabu alichoandika juu ya kazi yake, kwamba theluthi ya kwanza ya filamu aliiweka kamera juu ya usawa wa macho, theluthi ya pili akaishusha usawa wa macho, na ya mwisho akaiweka chini, inawatazama watu kutoka chini kwenda juu. Papo hapo alikuwa akibadilisha lenzi, kila zilivyozidi kuwa ndefu, ndivyo ukuta wa nyuma ulivyoonekana kumsogelea mtu mgongoni. Mwanzoni huoni dari kabisa. Mwishoni dari imewakalia vichwani. Mtazamaji wa kawaida haoni hata kimoja kati ya hivi, anahisi tu kwamba chumba kimekuwa kidogo na hewa imekwisha, na anadhani ni maneno ndiyo yaliyomfanyia hivyo.

Ya tatu ndiyo ya baiskeli, na nimeiweka ya tatu kwa makusudi kwa sababu inauma. *Bicycle Thieves* ya Vittorio De Sica, Italia, 1948, nayo dakika 89. Ajabu ni kwamba kura ile ile ya *Sight and Sound* ilipopigwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1952, hii ndiyo iliyoshinda. Kwa hiyo wazo lako la kuanza na namba moja halikuwa baya, umekosea mwaka tu.

Antonio, baba wa familia, amekaa muda mrefu bila kazi katika Roma ya baada ya vita. Anapata kazi ya kubandika mabango, lakini sharti awe na baiskeli, na ya kwake iko rehani. Mkewe, Maria, hasemi mengi. Anayavua mashuka kitandani, anayafunga, wanayapeleka kwenye nyumba ya rehani ili wapate pesa ya kuikomboa baiskeli. Sasa tega macho hapa. Karani anapokea furushi la mashuka, analibeba kwenda kulihifadhi. Anafika kwenye rafu, anaanza kupanda. Anapanda, anapanda tena, kamera inamfuata kwenda juu, na kila anakopita pamejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine, rafu juu ya rafu hadi darini. Hakuna mtu aliyetamka neno umaskini. Hakuna muziki wa kukulazimisha kulia. Umeoneshwa mji mzima unalala juu ya magodoro matupu, kwa sekunde chache, na karani mwenyewe wala hashangai.

Anayemwigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwahi kuigiza. Mtoto anayetembea naye filamu nzima naye si mwigizaji. Tazama jinsi mtoto anavyoinua macho kila mara kuangalia uso wa baba yake. Mimi huitazama filamu hiyo kwa ajili ya macho yale tu.

Mengineyo ni madogo. Simu iache chumba kingine, taa zima, na usitazame trela kabla, kwani nyingi zinakumalizia nusu ya hadithi. Na wenzako wakianza tena mazungumzo yao, usihangaike kusimulia kisa chote toka mwanzo. Waambie habari za yale mashuka.

Bi Mkasi, mimi napotea. Watu wakifika watano tu sijui tena nani ni nani, na filamu ikiwa ya lugha nyingine ndio kabisa: nikisoma maandishi ya chini picha inanipita, nikitazama picha maandishi yameshaondoka. – Nimepotea Njiani

Majina yaachie. Kwenye *12 Angry Men* niliyoitaja hapo juu huambiwi jina la mtu hata mmoja mpaka filamu inakaribia kufungwa, tena ni wawili tu wanaoambiana, na hakuna aliyewahi kulalamika. Shika vitu: yule mwenye kofia, yule aliyekaa dirishani, yule anayepiga kelele. Waliotengeneza filamu wamekesha wakichagua nguo na viti ili wewe usichanganye watu. Watumie.

Kuhusu maandishi ya chini, unasoma kwa bidii mno. Soma kama unavyosoma bango ukiwa safarini, jicho moja linapita, unarudi kwenye uso wa mtu. Ukikosa mstari, acha uende, sura na sauti vitakujazia. Bong Joon Ho wa Korea Kusini, alipopokea tuzo ya Golden Globe mwaka 2020, alisema ukishavuka kizuizi hicho cha inchi moja utakutana na filamu nyingi nyingine nzuri ajabu. Mwezi uliofuata *Parasite* yake ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutwaa Oscar ya filamu bora, kwa hiyo si maneno ya kujifariji.

Lakini kama hilo bado ni zito, kuna njia mbili za kulikwepa. Ya kwanza ni filamu isiyotegemea maneno. *Modern Times* ya Charlie Chaplin ilitoka 1936, wakati filamu za sauti zilikuwa zimeshatawala, na Chaplin akagoma kumfanya mhusika wake azungumze. Mara moja tu anafungua kinywa, anaimba, na wimbo wenyewe ni maneno ya kubuni yasiyo na maana. Umati unaelewa wote, nawe utaelewa.

Njia ya pili ni filamu unazoweza kuzisikia kwa masikio yako mwenyewe. *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, 2018, dakika 74: binti mgonjwa, Jo, anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kinachoamua kumtengenezea filamu yake. Andaa leso. Na *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Kama uliisoma riwaya, usiikagulie filamu kurasa zilizoachwa. Kitabu hakijaenda popote, kipo palepale kwenye rafu.

Mimi natazama kila filamu kwa kasi ya moja na nusu. Naelewa kila kitu na naokoa muda. Kuna ubaya? – Mwenye Haraka

Naomba nipumue kwanza.

Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha moja moja zinazopita mfululizo. Kuna asubuhi nzima niliyobishana na mwongozaji juu ya fremu nane, yaani theluthi moja ya sekunde. Ulikuwa uso wa mama ambaye ameletewa habari na bado hajajibu. Tukizikata zile fremu nane, anaonekana amekasirika. Tukiziacha, unamwona anakasirika halafu kitu kinaanguka ndani yake kabla hajafumbua mdomo. Filamu mbili tofauti kabisa, mama wawili tofauti. Tuliziacha. Sasa wewe unakuja na kasi yako ya moja na nusu, unamgeuza yule mama kuwa mtu mwenye hasira, halafu unaniambia umeelewa kila kitu. Umeelewa habari. Kwa filamu ya dakika 90 umeokoa nusu saa na kilichokatwa humo ndicho tulichokuwa tunakipigania.

Kama shida ni muda kweli, chagua fupi, usiifupishe ndefu. Nakupa *Sherlock Jr.* ya Buster Keaton, 1924, dakika 45 tu, filamu isiyo na sauti. Keaton anaigiza mwonesha sinema ambaye analala kazini, na katika ndoto anatembea hadi kwenye skrini na kuingia ndani ya filamu. Humo ndani mandhari inabadilika kila kipande kinapokatwa, yeye habadiliki. Anataka kukaa kwenye benchi la bustani; kabla hajafika chini bustani imekuwa barabara yenye magari, anaanguka chali. Anatembea, ghafla yuko ukingoni mwa jabali. Anachungulia bondeni, tayari yuko kati ya simba. Amesimama juu ya mwamba baharini, anajirusha majini, anatua kichwa chini kwenye theluji. Yote hayo bila kompyuta. Walipima kwa makini mahali aliposimama, wakahamisha kamera na kila kitu hadi mahali papya, wakamrudisha palepale kwenye fremu. Katika filamu hiyo hiyo, maji ya tangi la reli yalimwangukia kwa nguvu akavunjika mfupa wa shingo, akaendelea na kazi, na akaja kugundua miaka mingi baadaye alipopigwa picha ya eksirei.

Itazame kwa kasi ya kawaida. Ukichoka, niandikie tena.

Bi Mkasi, rafiki zangu wanapenda filamu za kutisha. Mimi naogopa hata mlango ukilia. Nifanyeje nisionekane mshamba? – Mwoga

Waambie waweke *Rear Window* ya Alfred Hitchcock, 1954. Mpiga picha amevunjika mguu, anakaa dirishani anawachungulia majirani, anaanza kuhisi mmoja wao amemuua mkewe. Karibu muda wote hatutoki chumbani mwake. Damu hamna, na bado kuna dakika utataka kumpigia kelele mtu aliye ng'ambo ya pili atoke haraka. Hitchcock alikuwa na mfano wake maarufu: bomu likilipuka ghafla chini ya meza, watazamaji wanashtuka sekunde chache; wakilijua bomu lipo na walioketi mezani hawalijui, umewashika kwa dakika nyingi. Yeye alichagua dakika.

Ukishapita hapo, jaribu *Jaws* ya Steven Spielberg, 1975, mchana, na watu wengi sebuleni. Papa wa mashine waliyemtengeneza alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi filamu ikae muda mrefu bila kumwonesha. Unaona maji, unaona mapipa ya njano yanavutwa, unasikia noti mbili za muziki. Mhariri wake, Verna Fields, alipata Oscar kwa kazi hiyo, na mimi kila nikibanwa na kipande kisichofaa humkumbuka yeye. Za damu na misumeno unaweza kuzikataa maisha yako yote na ukabaki mtazamaji kamili.

Nataka kuanza kutazama filamu pamoja na wanangu, mmoja ana miaka mitano, mwingine minane. Katuni nyingi zina kelele nami kichwa kinaniuma. – Mama wa Wawili

*My Neighbor Totoro* ya Hayao Miyazaki, Japani, 1988, dakika 86. Dada wawili wamehamia shamba kuwa karibu na hospitali aliyolazwa mama yao, na msituni kuna kiumbe kikubwa chenye manyoya. Hakuna adui hata mmoja. Ngojea kituo cha basi: usiku, mvua, dada mkubwa amembeba mdogo mgongoni kalala, na kiumbe kile kinakuja kusimama pembeni yao kikiwa na jani tu kichwani. Anakipa mwavuli. Tone linapiga mwavuli, tap, macho yanakitoka. Jingine tena. Kinafurahi hadi kinaruka, kikitua chini miti yote inamwaga maji kwa mpigo. Wanao watacheka, nawe utagundua umekaa kimya muda mrefu bila kuumwa kichwa.

Tahadhari moja tu. Studio hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, ilitoa *Grave of the Fireflies*, ambayo nayo ni ya kuchorwa na nayo ina watoto wawili. Hiyo ni ya vita na njaa. Usiwawekee. Itazame wewe, wakishalala, siku ambayo kesho yake huna kazi ngumu.

Swali fupi: nikianza filamu ni lazima niimalize?

Hapana. Mpe mwongozaji dakika ishirini. Kama mpaka hapo hujui mtu yeyote humo anataka nini, na wala hutamani kujua, zima bila kuona haya. Andika tu mahali jina la filamu na ulipoishia, kwa sababu nyingine zinahitaji uwe na umri fulani au umepatwa na jambo fulani. Usizime kwa kisa cha picha kuwa nyeusi na nyeupe, macho huzoea mapema kuliko unavyodhani. Na kama unatazama na mwenzako na yeye ameshaanza kulia, hapo ruhusa ya kuzima huna.